Bundi, tumbusi na kunguru weusi: wakoloni walilinda ndege gani?

Swali la msomaji: «Shikamoo mzee. Naishi Ngamiani hapa Tanga, ila kwa mama sisi ni watu wa Pangani. Marehemu babu alikuwa akituambia kwamba zama za Mdachi, yaani Mjerumani, na hata za Mwingereza, bundi na tumbusi walikuwa na serikali yao: ukimuua unashtakiwa. Mjomba anasema huo ni uzushi, Mzungu alipiga risasi kila kilichoruka. Nani mkweli? Na hawa kunguru weusi walioletwa kutoka nje, wanaotumaliza vifaranga, nao waliwahi kulindwa na sheria?»

Marahaba, mwanangu. Babu yako hakuzusha, na mjomba wako naye ana lake la kweli. Babu anasema yaliyoandikwa, mjomba anasema yaliyotendeka. Niruhusu nianze na babu, kwa kuwa watu wengi hawajui kwamba maneno yake yana karatasi nyuma yake.

Tarehe 19 Mei 1900, wajumbe wa dola zilizotawala Afrika walitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa porini, ndege na samaki wa bara hili. Walikuwamo Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia, na ile Dola Huru ya Kongo iliyokuwa mkononi mwa Mfalme Leopold. Tanga, Pangani na Bagamoyo zilikuwa chini ya Mdachi, hivyo sahihi yake ilitugusa sisi, ingawa hakuna Mbondei wala Mzigua aliyeitwa kuulizwa. Mkataba ulisema tangu mwanzo kwamba nia yake ni kuzuia mauaji ya ovyo ya viumbe wa porini ambao ni wa manufaa kwa binadamu au wasio na madhara kwake. Yashike maneno hayo, manufaa na madhara, maana ndiyo yaliyoamua kila ndege awekwe wapi.

Mkataba uliambatana na majedwali. Jedwali la kwanza lilikuwa la viumbe wasiotakiwa kuuawa kabisa, nalo liligawanywa mara mbili. Sehemu ya pili ilitaja wanaolindwa kwa sababu ya uchache wao: twiga, sokwe na wengine. Sehemu ya kwanza, iliyotangulia, ilitaja wanaolindwa kwa sababu ya faida yao, na wote walikuwa ndege: tumbusi, ndege karani, bundi, na shashi, yaani wale wadogo wanaopanda migongoni mwa ng'ombe na nyati kutafuta kupe. Kwa hiyo katika karatasi ile bundi alitajwa kabla ya twiga. Babu yako alipokwambia bundi alikuwa na serikali yake hakutia chumvi.

Kwa nini hao wanne? Tumbusi anamaliza mizoga kabla haijaoza na kueneza maradhi. Karani, yule mwenye miguu mirefu kama amevaa suruali fupi nyeusi, anawakanyaga nyoka mpaka wafe. Bundi anakula panya shambani na ghalani. Shashi anaondoa kupe kwenye mifugo. Hizo ni hesabu za mtu mwenye shamba, ng'ombe na ghala, na huko bara ya Tanga, Usambara na bonde la Pangani, mashamba ya walowezi yalikuwa yanafunguliwa miaka hiyo hiyo. Mimi sioni ubaya kwamba ndege walilindwa kwa faida yao, maana faida yenyewe ilikuwa ya kweli. Hata mkulima wa mahindi wa Handeni asiye na bunduki wala ng'ombe anapata faida ya bundi kila usiku.

Lakini fikiria mtu wa pwani aliposikia amri hiyo. Kwetu bundi akilia juu ya paa, nyumba nzima hailali. Watu wanamfukuza kwa mawe na moto, wanasema ameleta mkosi, pengine ametumwa. Halafu anakuja mtawala na kusema ndege huyo asiguswe! Nadhani ndiyo sababu habari ile ilimkaa babu yako na wenzake kichwani kuliko amri nyingine nyingi. Ilikuwa ngeni mno kusahaulika.

Sasa geuza ukurasa uende jedwali la mwisho, la viumbe waliotakiwa kupunguzwa kwa sababu ni waharibifu. Humo utamkuta simba, chui, fisi, mbwa mwitu, nyani, mamba, chatu na nyoka wenye sumu. Na utawakuta ndege wakubwa wanaowinda, isipokuwa tumbusi, karani na bundi. Maana yake kipungu, tai na jamaa zao wote waliwekwa kundi moja na mamba. Mkataba ulitaka mayai ya mbuni yalindwe, na mayai ya mamba, ya nyoka wenye sumu na ya chatu yaharibiwe. Leo tunajua kwamba tai mkubwa wa misituni, anayekula tumbili na pimbi, ana kazi yake kama bundi alivyo na yake. Wakati ule alihesabiwa kwa kuku aliowachukua, basi.

Baina ya majedwali hayo palikuwa na lile la wanyama wa kuwindwa kwa kiasi, na ndege wake wanaeleza mengi: mbuni, marabu (yule korongo mkubwa), yangeyange, tandawala, kwale, kanga na ndege wengine wa mawindo. Kanga na kwale ni kitoweo na mchezo wa mwindaji, hilo halina fumbo. Mbuni, marabu na yangeyange wana kisa kingine, nacho hakikuanzia kwetu.

Miaka hiyo wanawake wa tabaka la juu Ulaya na Marekani walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya ndege. Manyoya ya yangeyange yaliyotakiwa ni yale marefu, laini, yanayoota mgongoni wakati wa kutaga. Kuyapata kulitaka ndege auawe akiwa kwenye kiota, na vifaranga wabaki juu ya mti wafe kwa njaa. Kwa uzito, kuna wakati manyoya hayo yaliuzwa ghali kuliko dhahabu. Uingereza kwenyewe wanawake wengine walichukizwa, na mwaka 1889 walianzisha chama cha kulinda ndege ambacho mwaka 1904 kilipewa hati ya kifalme na bado kipo mpaka leo. Iliwachukua zaidi ya miaka 30 ya kupigania mpaka Bunge lao likapitisha sheria ya 1921 ya kuzuia kuingiza manyoya hayo nchini, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Unapomwona yangeyange anafuata ng'ombe pale Pongwe, jua kwamba jina la ukoo wake liliingia kwenye mkataba wa London kwa sababu ya maduka ya kofia, na waliosaidia kulifunga soko lile ni wanawake wasio na kura bungeni kwa sehemu kubwa ya mapambano yao. Nawaheshimu sana watu hao.

Nije kwa mjomba sasa. Mkataba wa 1900 haukupata kuanza kutumika kama mkataba, kwa kuwa dola nyingi zilizotia saini hazikuuridhia. Ulibaki kielelezo ambacho kila serikali ya koloni ilichota ilichotaka. Waingereza waliokuwa jirani zetu kaskazini walinakili sehemu kubwa ya majedwali yale katika kanuni zao za uwindaji, tumbusi na bundi wakiwamo. Upande wa Mdachi, sheria ilikuwa imetangulia: gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji tarehe 7 Mei 1896, akaanzisha leseni, akafunga maeneo mawili yasiwindwe, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Amri hiyo ilimtazama tembo na wanyama wakubwa. Pembe zilikuwa zinakwisha, na Bagamoyo, mji wa kwanza wa serikali ya Mdachi kabla haijahamia Dar es Salaam mwaka 1891, ilikuwa imeishi kwa misafara ya pembe kwa miaka mingi. Mwaka 1908 wakatoa sheria nyingine ndefu zaidi. Waingereza walipochukua Tanganyika walitunga ya kwao mwaka 1921, wakaibadili 1940, na tena 1951. Katikati yake, mwaka 1933, ukaja mkataba wa pili wa London, na huu ulianza kutumika kweli, mwaka 1936.

Sheria zilikuwapo, basi. Swali la mjomba ni hili: zilimbana nani? Hapo ndipo ninapomuunga mkono kwa nguvu.

Mkataba wa 1900 ulitaka leseni kwa anayewinda, na ulitaka matumizi ya nyavu na mashimo ya kunasia yawekewe mipaka. Zitazame zana hizo. Wavu na shimo ni zana za mtu wa kijijini. Bunduki na leseni ni za mwenye fedha na ruhusa. Mzungu mwenye leseni aliweza kuangusha kanga wa chakula cha jioni na akaitwa mwanamichezo. Mzigua aliyemnasa kanga yule yule kwa tanzi kando ya shamba lake, ambalo kanga walikuwa wanafukua mbegu, akaitwa mhalifu. Sisemi tanzi na ulimbo havina madhara. Ulimbo hasa ni zana mbaya, kwa kuwa unamnasa kila atakayetua, mkubwa kwa mdogo, na anayenasuka huacha manyoya yake. Nasema sheria haikupima madhara ya zana kwa ndege. Ilipima nani ameishika. Chuki ya watu wetu wengi kwa maofisa wa wanyamapori, niliyoikuta kazini na ambayo haijaisha, mizizi yake iko hapo.

Mkataba ule ule ulipiga marufuku pia baruti na sumu kuvulia samaki, ila kwenye mito, vijito, maziwa, mabwawa na mawangwa. Bahari haikutajwa. Kwa mtu wa Tanga, ambaye ameona baruti ilivyoyafanya matumbawe yetu, jambo hilo linauma kulisoma.

Kulikuwa na mlango mwingine ulioachwa wazi, nao ni sayansi. Anayekusanya kwa ajili ya makumbusho aliweza kupewa ruhusa maalumu ya kuua hata aliyelindwa. Bagamoyo ilikuwa lango la watu hao. Emin Pasha, msafiri Mjerumani, yule aliyefika Bagamoyo na mpelelezi Stanley mwezi Desemba 1889 na kuanguka kutoka dirishani usiku wa karamu yake, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa ndege. Aprili 1890 aliondoka tena kwenda bara pamoja na mwanasayansi Franz Stuhlmann, ambaye baadaye alihusika na kuanzishwa kwa kituo cha utafiti cha Amani, juu ya Muheza, mwaka 1902. Bundi wa Usambara, ambaye ni mkubwa na anaishi katika misitu yetu ya mlimani, aliandikwa kisayansi mwaka 1908 kwa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa Amani. Milango hiyo ya sayansi ilitumiwa vibaya na wengine, lakini bila ngozi zile za ndege tusingejua leo kwamba misitu ya Usambara Mashariki ina ndege wasiopatikana karibu popote pengine. Mwingereza Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani tangu 1928 mpaka miaka ya 1940, ndiye aliyetufungua macho zaidi katika hilo.

Sasa kunguru wako. Umeuliza kama ndege wageni waliwahi kulindwa na sheria. Ndiyo, na kisa kizuri kuliko vyote kimetokea Bahari yetu ya Hindi, kisiwa cha Bourbon ambacho leo kinaitwa Réunion. Buffon, mtaalamu wa viumbe wa Ufaransa katika karne ya 18, ndiye aliyekisimulia. Gavana Desforges-Boucher na Poivre, mkuu wa shughuli za kiserikali, waliona nzige wanamaliza mazao, wakaleta kutoka India jozi chache za maina, ndege wa jamii ya kwezi. Maina wakazaana, nzige wakapungua. Lakini wakulima wakawaona ndege wanachakura mashamba yaliyopandwa punde, wakadhani wanakula mbegu. Wakashtaki, maina wakahukumiwa kufa, na kwa saa mbili hivi hakubaki hata mmoja kisiwani. Haukupita muda nzige wakarudi kwa wingi. Miaka minane baadaye wakaletwa maina wanne, na safari hii watu waliwapokea kwa furaha. Serikali ikawaweka chini ya ulinzi wa sheria, na waganga nao wakatangaza kwamba nyama ya ndege hao haifai kwa afya ya mtu! Hapo utaona watawala walijua kwamba sheria peke yake haimzuii mwenye njaa, wakaongeza neno la mganga.

New Zealand nayo, mwaka 1861, ilitunga sheria ya kuwalinda kwa miaka kadhaa wanyama na ndege walioletwa kutoka nje ili wapate nafasi ya kuzaana. Walowezi walitaka kusikia sauti za ndege wa kwao, na walitaka wadudu wa mashambani waliwe. Miaka michache tu ikapita, shomoro na wenzake wakawa balaa la nafaka, na mwaka 1882 ikabidi itungwe sheria nyingine ya kupambana na kero ya ndege wadogo.

Kunguru weusi walifika kwetu kwa njia inayofanana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Zanzibar ilikuwa na tatizo la takataka mitaani, na Sir Gerald Portal, balozi mkuu wa Uingereza pale, akaletewa kunguru kiasi cha 50 kutoka Bombay wasaidie kusafisha mji. Hoja ni ile ile ya tumbusi: ndege anayekula uchafu ni wa manufaa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba manufaa yanasafirishika. Tumbusi wetu anakula mizoga, hana shughuli na kifaranga. Kunguru wa India anakula takataka, halafu anakula mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku wako, matunda na nafaka. Huko alikotoka amezoea kuishi na watu, na huku alipata miji inayokua na majalala yasiyozolewa. Kufikia 1917 serikali ya Zanzibar ilikuwa inatoa zawadi kwa kila aliyeleta kunguru waliouawa au mayai yao. Mwaka 1947 walionekana Mombasa, na leo pwani nzima ni yao. Yule kunguru wetu wa asili, mwenye shingo na kifua cheupe, amesukumwa pembeni.

Kwa hiyo jibu la kunguru ni kwamba aliletwa na mkono wa serikali kwa hoja ya faida, na kabla ya miaka 30 kutimia mkono huo huo ulikuwa unalipa auawe. Haikufaulu. Unguja walifanya kampeni kubwa miaka ya 1990 kwa mitego na sumu maalumu, idadi ikashuka sana, kisha fedha zikakatika na kunguru wakarudi. Dar es Salaam nayo ilianza yake mwaka 2010 na kuua mamia ya maelfu, na bado wapo. Maoni yangu ni kwamba bila kuzoa taka kila siku, mtego na sumu ni kupunguza leo ili wajae kesho.

Na usidhani mgeni lazima avuke bahari. Umewahi kuwaona Tanga mjini wale kasuku wadogo wa kijani wenye mdomo mwekundu, wanaopita kwa makundi wakipiga kelele? Hao ni cherero. Kwao ni nyanda za ndani, upande wa kusini wa Ziwa Victoria na Tanzania ya kati. Huku wametokana na waliotoroka au kuachiwa kutoka vizimbani. Mwaka 1987 aina yao moja, cherero wa Fischer, alihesabiwa kuwa ndege wa porini aliyeuzwa zaidi duniani, na sheria iliyomhusu ikawa ya biashara badala ya bunduki. Serikali ilifunga usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016.

Kwa mambo ya leo, mwanangu, yanayokupasa kujua ni machache. Sheria inayotumika Bara ni ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na ndege wa porini wamo: kuwawinda au kuwakamata bila kibali ni kosa, na kutumia sumu ni kosa kubwa zaidi. Kunguru wakikusumbua, funika vifaranga kwa wavu, ziba pipa la taka, na uondoe viota vyao kabla hawajataga. Usitege sumu kwenye nyama. Sumu haichagui: tumbusi, ambaye mwaka 1900 aliwekwa juu ya orodha ya wasioguswa, leo anakufa kwa makundi kwenye mizoga iliyowekewa sumu, mingine ikiwa ya kulipizia simba aliyekula ng'ombe, mingine ikiwekwa na majangili makusudi ili tumbusi wasizunguke angani na kuwaonyesha askari alipolala tembo. Tangu 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika zimewekwa daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sheria zote za kikoloni nilizozitaja hazikuwahi kukutana na tishio la namna hiyo.

Mjomba akiendelea kubisha, mwambie aende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, aombe mafaili ya uwindaji ya utawala wa Mdachi. Mengi yako kwa Kijerumani, kwa hiyo aende na mtu anayekisoma. Aanzie na ya kuanzia 1896 kuja mbele, kisha alinganishe na sheria ya Waingereza ya 1921. Na wewe, kama bado yuko mzee yeyote Pangani wa rika la babu yako, mrekodi kwa simu akusimulie walivyokuwa wakitega kanga na nani alikamatwa, kwa sababu mafaili yale yaliandikwa na waliokuwa wakikamata.